Chuma Tulichokiita Mafurungu

Kabla sijawaambia habari ya pingu, nianze na mavi ya chuma. Msicheke, ndilo jina lake. Mhunzi wa zamani alipoyeyusha mawe yenye chuma, chuma chenyewe kilibaki na uchafu ukatiririka pembeni. Ukipoa, uchafu ule unakuwa jiwe jeusi, zito, lenye vitundu kama andazi lililoungua. Kwetu sisi tuliofanya kazi ya kuchimba vitu vya kale, jiwe lile lina faida kuliko dhahabu. Dhahabu hutembea. Inatoka bara, inauzwa Kilwa, inaishia shingoni mwa mke wa mtu ng'ambo ya bahari. Mavi ya chuma hayatembei, kwa sababu hakuna atakayejitwisha. Ukiyakuta yamelundikana mahali, jua mhunzi alikaa papo hapo, na alichokifua alikifua papo hapo.

Likumbukeni hilo, litatufaa mbele.

Mliponijia hapa nyumbani kwangu Mtanda, ninyi vijana mnaoanza kazi ya kutunza magofu na kuongoza wageni, yule binti mwenye miwani aliniuliza: "Bibi, ukichimba ukakuta kitu kinachokataa jambo unaloliamini, unafanyaje?" Nilijibu juujuu kwa sababu mlikuwa mnawahi gari. Jibu langu halikunipendeza. Usiku ule nililala vizuri, nisiwadanganye, lakini asubuhi nilipokuwa napepeta mchele niliona nimewapa makapi. Hili hapa jibu lenyewe.

Mimi nimelelewa na Chama. Sisemi hivyo kwa kujisifu wala kwa kujuta. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, na kwetu, kama mnavyojua, mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye sauti juu yake ni mjomba. Mjomba wangu Abdala alikuwa mwenyekiti wa tawi tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Nyumbani kwake bendera ilitangulia godoro. Alinisomesha, akanivalisha shati la kijani, akanifundisha ngonjera ambazo nilizighani mbele ya wageni nikiwa nimesimama juu ya kreti la soda ili nionekane.

Katika ngonjera hizo kulikuwa na kijiji cha mama yangu. Nitakiita Mtondoni, ingawa silo jina lake, kwa sababu watu wake wangali hai na hawajaniruhusu kuwatangaza. Kiko ndani ya Wilaya ya Kilwa, ukishaiacha barabara ya lami ya Nangurukuru nyuma yako kwa mwendo wa kutosha kuchafua kiatu. Ukoo wetu ni wa wahunzi. Mjomba alitufundisha kwamba mababu zetu walifua mikuki kuzuia misafara ya watumwa, na baadaye wajukuu zao wakafua mikuki ya kumpiga Mjerumani. Na kwa jumla alitufundisha kwamba sisi watu wa bara la Lindi na Kilwa hatukuwa na mkono katika biashara ile. Tuliuzwa, hatukuuza. Wageni walikuja na kila kitu chao, mpaka kamba.

Niliamini hivyo kwa moyo wangu wote. Mtu akiniambia vinginevyo nilimwona kibaraka. Nilipoajiriwa idara ya mambo ya kale na kuanza kuwatembeza wanafunzi kule Kilwa Kisiwani na Kivinje, nilisema hivyohivyo, na sauti yangu ilipanda nilipofika kwenye "mpaka kamba." Watoto walinyamaza kimya. Ilikuwa hotuba nzuri.

Aliyenitoa kwenye kutembeza wageni akanitia shimoni ni Fundi Anselmu, Mmakonde wa Newala, msimamizi wetu wa uchimbaji. Alikuwa mtu mfupi, Mkristo wa kusali kila asubuhi kabla ya kushika mwiko wa kuchimbia, na alikuwa na tabia ya kuuliza udongo habari kama anayeongea na mgonjwa. Msimu wangu wa kwanza chini yake niliokota kitu chembamba, kirefu, chenye kutu, nikakimbia nacho kwake nikihema.

"Ncha ya mshale, Fundi."

Akakigeuza. "Safi kabisa. Na hii nati ya mwishoni, mshale unafungwa wapi?"

Ilikuwa spoku ya baiskeli. Kambi nzima iliniita Mama Baiskeli hadi msimu ukaisha. Lakini jioni Anselmu alinikalisha chini akaniambia neno ambalo naliona lina thamani kuliko cheti changu. Alisema: "Mwanahawa, kitu kinachokufurahisha kipime mara mbili. Kinachokuudhi nacho kipime mara mbili. Watu wengi hukipima cha pili tu." Nililiandika moyoni nikidhani nimelielewa.

Basi ikaja zamu ya kuchimba Mtondoni. Mimi wakati huo nilikuwa mtunza vitu, yaani kila kinachotoka shimoni kinapita mkononi mwangu: nakisafisha kwa brashi, nakitia mfukoni, naandika lebo. Mnaoanza kazi, msiidharau lebo. Mchimbaji anaweza kukosea na shimo likamsamehe. Ukikosea lebo, kitu kile kitasema uongo kila siku, hata mtakapokuwa mmekwisha kufa.

Mjomba ndiye aliyetuonyesha mahali. Alikwisha kupanga kwamba tukimaliza, kijengwe kibao kikubwa penye njia ya kuingilia kijijini, na maneno ya kibao niandike mimi, mtoto wa nyumbani. Alikuwa mzee sana sasa, na nilimwona anakuja shimoni kila asubuhi na kiti chake kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani wa mwanawe.

Na matokeo yalikuja. Tulipata tanuri. Tulipata mirija ya udongo ya mivukuto ya kupulizia moto, na lundo la mavi ya chuma refu kama ng'ombe aliyelala. Mjomba aliinama akaokota kipande, akakinusa, machozi yakamtoka. Tabaka la juu lilitoa vichwa vya mikuki, vichache, lakini vipo. Nilivisafisha kwa furaha. Nilivipima mara mbili, kama nilivyofundishwa. Vilikuwa mikuki kweli.

Tabaka la chini, ambalo ni la zamani zaidi, lilitoa majembe mabovu, na vyuma vilivyopindwa nusu duara. Nilivitazama mara moja nikaandika: mafurungu. Bangili za miguuni. Bibi yangu alikuwa nayo jozi, na nilizoea kuyasikia yakigongana akipita uani. Niliona fahari ya pili: babu zetu walifua silaha, na pia waliwapamba wake zao. Nilianza hata kuitunga sentensi ya kibao.

Siku ya kuwaonyesha wanakijiji tulipanga vitu juu ya meza, chini ya kibanda cha makuti. Watu walikuja na nguo za sherehe. Akaja pia Mzee Likwena kutoka ng'ambo ya bonde, mtani wa ukoo wetu. Huyu hakuwahi kukosa msiba hata mmoja wa kwetu, na hakuwahi kufika bila kututukana. Sisi kwake tulikuwa wala mkaa, kwa sababu ya uhunzi.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mla mkaa. Naona mmeanika takataka zenu mezani. Hivi ni nini?"

"Mafurungu, Babu. Walivaa bibi zetu miguuni."

Alikinyanyua kimoja, akakisogeza machoni, akacheka kwa pua.

"Bibi zenu, au bibi zetu?"

"Vipi?"

"Nakuuliza. Maana nyinyi mlifua, sisi tukavaa. Tukatembea nayo mpaka pwani, mapambo mazito namna hii, na wala hamkutupa kioo tujitazame."

Kibanda kizima kilicheka. Mjomba alicheka mpaka akashika kiuno. Na mimi nilicheka, kwa kuwa utani ni utani. Mdomo wangu ulikuwa bado wazi wakati kicheko kilipokwisha ndani yake.

Nikamfuata Likwena nje ya kibanda. "Babu, umesema nini pale?"

"Nimesema utani."

"Nani alikuambia hivyo?"

"Utani hauulizwi, mla mkaa. Ungekuwa unaulizwa ungeitwa kesi." Akaenda zake kutafuta chai.

Watu walipotawanyika nilirudi mezani. Sijui kama nimewahi kuogopa kitu kisicho na uhai kama nilivyoviogopa vyuma vile. Nilichukua kimoja. Furungu lililovaliwa huwa laini upande wa ndani, linang'arishwa na ngozi. Hiki kilikuwa kikavu, kina makovu ya nyundo. Furungu hubanwa mguuni kwa kukaza ncha zake. Hiki ncha zake zilikuwa zimebapazwa, na kila ncha imetobolewa tundu, na matundu mawili yalitazamana. Kwa nini utoboe bangili ncha zake? Nikakumbuka mfuko mwingine, ambao kwa mkono wangu mwenyewe niliuandikia "misumari mikubwa." Nikaufungua. Zilikuwa fito fupi za chuma, upande mmoja zina kichwa bapa. Nikapitisha ufito mmoja kwenye matundu yale mawili. Uliingia bila kulazimishwa, kama ufunguo wa nyumba yako.

Nilibaki nimeishika pingu ya mguu, nimeifunga mwenyewe, na hapana mguu ndani yake.

Vijana, nitawaambia kweli jinsi akili inavyofanya kazi wakati kama ule, ili siku yenu ikifika msishangae. Haikuniambia "ficha." Ingeniambia ficha ningeikatalia, nina dini yangu. Iliniambia jambo la kistaarabu zaidi: "Pengine zililetwa na wageni, zikaangukia hapa." Neno zuri, la kitaalamu, na nililishikilia kwa muda kama mtu aliyeshika ukuta. Kisha nikatazama tena. Ile iliyokuwa mkononi mwangu ilikuwa na ufa kwenye tundu. Fundi aliitoboa, ikapasuka, akaitupa kwenye lundo la mavi ya chuma. Mabaki ya vitambaa hukaa kwa fundi cherehani, hayakai kwa aliyenunua gauni. Pingu nzima ingeweza kuletwa na yeyote. Pingu iliyoharibikia kwenye kutobolewa, ikalala katika jalala la mhunzi, haikuletwa na mtu. Ilizaliwa pale.

Zile nyingine pia. Nilizipanga zote. Zilikuwa za hatua mbalimbali: nyingine zimepindwa hazijabapazwa, nyingine zimebapazwa hazijatobolewa. Ungeweza kumfundishia mwanafunzi kazi.

Anselmu alinikuta nimekaa chini. Hakuuliza. Alitazama ule ufito ndani ya matundu, naye akakaa chini.

"Uliona lini?" nikamuuliza.

"Juzi. Nilipopita kuchukua brashi."

"Mbona hukusema?"

"Mimi Mmakonde. Nikisema mimi, kesho wataambiwa Mmakonde kaja kuutukana ukoo wa watu. Nilikuwa nangoja mtoto wa nyumbani aone. Usingeona ningesema, lakini ningesema vibaya."

"Kwenu hawakufanya haya?"

Alifuta jasho. "Kwetu bado hatujachimba."

Nikalia. Sikulia kwa uchungu, nililia kama mtu aliyegongwa, kabla maumivu hayajafika. Nilikuwa najiona nimesimama juu ya lile kreti la soda nikisema "mpaka kamba." Kamba sijui. Chuma kilikuwa chetu.

Alipoona nimetulia, Anselmu akasema jambo lililonirudisha kazini. Kwa sababu, angalieni, nilikuwa nimeanza kosa la pili. Nilisema, "Basi yote yalikuwa uongo. Tulikuwa wauzaji tu." Akaninyooshea kidole.

"Nani kakwambia? Chuma kinakuambia walifua. Hakikuambii kama walifua kwa kupenda, kwa kulazimishwa au kwa njaa. Na mikuki je? Umeifuta? Iko tabaka la juu. Pingu ziko la chini. Jalala ni lilelile. Soma kilichopo. Usikiongezee maneno kwa sababu leo una hasira na babu zako, kama ulivyokiongezea jana ulipokuwa unawapenda."

Hapo ndipo nilipolielewa lile neno la kupima mara mbili. Hadithi ya mjomba haikuwa ya uongo. Ilianzia tabaka la juu tu. Wajukuu walifua mikuki juu ya pingu za babu zao, na huenda walijua, na huenda ndiyo sababu waliifua. Hilo la mwisho ni langu, chuma hakikusema.

Nilichukua kalamu nikakata neno "mafurungu" kwenye kila lebo nikaandika "pingu za miguu, hazikukamilika." Hilo lilikuwa jepesi. Gumu lilikuwa kumwambia mzee kabla hajasikia kwa mwingine. Na hili liwe sheria kwenu: ukipata jambo litakalomvunja mtu, asilisikie kwenye mkutano. Mfuate nyumbani kwake.

Nilimkuta barazani baada ya Alasiri. Nilimwamkia, nikamwekea pingu miguuni juu ya kipande cha khanga, nikamweleza kama ninavyowaeleza ninyi: ukavu wa ndani, matundu, ufito, ufa, jalala. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa msikilizaji mzuri, uenyekiti ulimfundisha.

"Nani mwingine ameona?"

"Anselmu."

"Naye amesema?"

"Hapana. Aliniachia mimi."

"Basi Mmakonde wa watu ana adabu kukushinda."

Nikaisogeza pingu karibu naye zaidi.

"Andika mafurungu," akasema.

"Mjomba."

"Andika mafurungu. Mimi ni mzee, sina muda mrefu. Ukishanizika, andika pingu, andika na kwa rangi nyekundu. Lakini watoto wa shule ile pale nimewaambia mimi habari ya mikuki, miaka yote, hata wameigiza mchezo wake. Unataka niende nikawaambie nini? Kwamba mwenyekiti ni mjukuu wa nani?"

"Wewe hukufua, Mjomba."

"Na mikuki sikuifua, lakini umeniona naionea fahari. Huwezi kuchukua fahari ukaacha hii." Alisema hivyo kwa hasira, kama anayenishinda kwa hoja, na sidhani kama alisikia alichokisema. Kisha akashusha sauti. "Mwanahawa, hujui watu. Ukisema sisi tulifua pingu, walioleta misafara watanawa mikono. Mjerumani aliyetuchomea vyakula atanawa mikono. Watasema, si mliuzana wenyewe? Tumetafuta umoja kwa jasho, wewe unaupasua kwa kipande cha kutu."

Msidhani hoja ile ni ya kijinga. Nimeifikiria tangu siku ile mpaka leo. Wapo wanaotafuta jambo kama lile ili wanawe mikono. Nilimjibu nilichokuwa nacho: "Atakayetaka kunawa atanawa, Mjomba, hata maji tukimnyima. Lakini tukificha, siku akigundua mwingine, hata mikuki yetu haitaaminika. Na kwenye Chama tuliapa kusema kweli daima. Wewe ndiye uliyeniapisha."

"Tuliapa kusema kweli. Hatukuapa kuvuana nguo."

"Lebo nimekwisha kuzibadilisha."

Alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi na mtoto anayemlisha. Akanyanyuka, akaingia ndani, na pazia likashuka.

Nilifanya mambo mawili, na hayo ndiyo ninayoweza kuwafundisha. Lebo na ripoti, hivyo ni vya watu wote na vya wasiozaliwa. Hivyo sikumngoja mtu. Viliandikwa kama vilivyo. Lakini kibao kingesimama juu ya ardhi ya ukoo, na sikutaka kukisimika juu ya kichwa cha mzee wangu. Niliandika maneno ya kibao kwenye karatasi: "Hapa palifuliwa majembe, mikuki na pingu za miguu." Nikamwachia mkewe. Nikasema, siku atakapokubali, nitakuja na fundi. Asipokubali, mahali patakaa bila kibao. Bila kibao si uongo.

Hakukubali. Alikaa masika nzima bila kunijibu salamu. Nilipita mbele ya baraza lake nikasema "Shikamoo, Mjomba," na yeye aliangalia barabara kana kwamba sauti imetoka huko. Mtu aliyenibeba mgongoni. Nilikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, na nilitembea nikijihisi sina ukoo.

Kisha Mzee Likwena akafariki.

Hapa lazima niwaeleze desturi, maana siku hizi wengi mnazika kwa haraka. Mtani ana kazi yake msibani. Anachimba, anapika, na anafanya vituko ili huzuni ipate pa kupumulia. Kati ya ukoo wetu na wa Likwena kilikuwapo kituko kimoja cha tangu na tangu. Jeneza linapotaka kutoka, watani wanaziba mlango. Mkubwa wao anachukua kamba ya mgomba, anamfunga mfiwa mguu mmoja, na watu wanapiga kelele, "Haendi mtu! Jikomboeni!" Wafiwa wanatoa kuku au sarafu, kamba inafunguliwa, watu wanacheka na jeneza linatoka. Nimekiona toka utotoni. Nimecheka toka utotoni. Na siku zote, mjue, ni sisi tuliowafunga wao. Wao kwenye misiba yetu walitumwagia majivu. Kamba ilikuwa yetu sisi, na hakuna mtu aliyewahi kuuliza kwa nini.

Nilikuwa nimesimama upande wa wanawake. Jeneza likanyanyuliwa. Vijana wa kwetu wakaziba mlango kama kawaida, wakamwita mjomba, kwa kuwa ndiye mkubwa, wakampa kamba. Mfiwa wa kufungwa alikuwa Bi Somoe, dada yake Likwena, mwanamke wa rika la mjomba, na ulimi wake mkali kuliko wa kaka yake. Alikuwa amekwisha kuunyoosha mguu, maana ndiyo desturi, huku machozi yakimtiririka.

"Funga, mzee," vijana wakapiga kelele. "Asitoroke huyo."

Mjomba aliinama. Kamba ilifika kwenye kifundo cha mguu wa Bi Somoe, ikasimama. Nikauona mkono wake. Nilijua anaona nini, kwa sababu na mimi nilikuwa nakiona. Tumewafunga. Kwenye kila msiba wao, miaka na miaka, tumekuwa tukiwafunga tena mguu uleule, na kuwadai ukombozi, na wao wametupa kuku na kucheka nasi.

"Funga basi, tuwahi kaburi," mtu akasema.

Mjomba akakaa chini. Alikaa pale mlangoni, kwenye tope la mvua, na kanzu yake nyeupe. Akaipandisha mpaka gotini, akaunyoosha mguu wake mwenyewe, akamtupia Bi Somoe ile kamba.

"Leo nifungeni mimi," akasema.

Kelele zikakatika. Mtu wa nyuma aliyekuwa haoni akauliza, "Vipi, ameanguka?" Bi Somoe aliishika kamba, akautazama mguu ule, mkavu, wenye mishipa. Akamtazama usoni kwa muda mrefu. Sijui waliambiana nini kwa macho. Walikuwa watani kwa miaka sabini na ushee.

"Mguu gani huu, Abdala?" akasema mwishowe. "Huu hata pwani ungerudishwa. Nani atamnunua mzee wa kikohozi?"

Kicheko kilipasuka pande zote mbili, kikubwa kuliko nilivyowahi kukisikia msibani. Katikati ya kicheko kile nikawaona wale wawili wanalia, na wengine wazee wanalia nao, na vijana wanacheka tu kwa kuwa ni utani. Bi Somoe akaikunja kamba akaichomeka kwenye khanga yake kiunoni.

"Inuka, mla mkaa," akamwambia. "Mtani wako anangoja kuzikwa."

Mjomba akainuka, akaingia chini ya jeneza, akalibeba mpaka kaburini bila kupokewa.

Tulipokuwa tunarudi kwetu baada ya maziko, wanaume walikuwa mbele nasi nyuma. Alichelewesha mwendo hadi nikamfikia. Kisha akasema, bila kunitazama:

"Karatasi yako nimeisoma. Hukuimaliza."

"Nimeacha nini, Mjomba?"

"Umeandika hapa palifuliwa. Nani alifua? Mahali hapana mikono, Mwanahawa. Uliniambia mimi naficha, na wewe umejificha nyuma ya mahali."

Nilikuwa nimelala na sentensi ile masika nzima nikiiona ya kijasiri.

"Andika ukoo," akasema. "Andika jina letu."

"Na mikuki?"

"Mikuki iache palepale. Nayo tuliifua."

Akaongeza mwendo kuwafuata wanaume wenzake. Nyuma ya kanzu yake kulikuwa na duara kubwa la tope, limeanza kukauka, na kila aliyempita alimwambia ajifute, naye akatembea nalo vilevile mpaka nyumbani.